Gia ya Mkono au Gia Otomatiki: Tusichague kwa Mazoea

Miezi michache iliyopita viongozi wa chama kimoja cha ushirika cha wakulima wa pamba, huko Usukuma, walinitaka ushauri juu ya jambo ambalo mwanzoni nililiona dogo. Wanachama walikuwa wamekubali kukatwa sehemu ya malipo yao ili chama kinunue pikapu mpya ya magurudumu manne, ipate kupeleka pembejeo vijijini na kuwafikisha mabwana shamba na mabibi shamba mashambani wakati wa mvua. Fedha zilikuwa tayari, na aina ya gari ilikuwa imekwisha kuamuliwa. Lililobaki ni swali moja tu: je, gari liwe la gia ya mkono au la gia otomatiki?

Mwenyekiti, mzee aliyeendesha malori kwa miaka mingi, alishikilia kwamba gia otomatiki ni ya magari ya mjini, haina nguvu, wala haiwezi matope. Katibu, kijana aliyejifunzia udereva katika gari la otomatiki, alimjibu kwa heshima, "Mzee wangu, hayo yalikuwa ya magari ya zamani." Mzee naye akasema, "Mwanangu, likikwama huko mbugani ndipo utakaponikumbuka." Nilipowasikiliza niliona kwamba kila mmoja alitetea alichokizoea, na kwamba fedha za watu wengi zilikuwa karibu kutumika kwa nguvu ya mazoea tu. Makala haya ni jibu langu kwao, na kwa yeyote aliyekabidhiwa dhamana ya kuchagua gari la kazi.

Kazi ya gia

Injini ya gari haiwezi kusukuma vizuri katika kila mwendo. Ikizunguka polepole mno huzimika. Gia huyageuza mazunguko mengi yenye nguvu ndogo kuwa mazunguko machache yenye nguvu kubwa. Ikiwa injini huzunguka mara 4 ili shafti itokayo kwenye giaboksi izunguke mara 1, basi nguvu ya kuzungusha huongezeka karibu mara 4, tukiacha kiasi kidogo kinachopotea kwa msuguano. Pikapu ya magurudumu manne huwa na seti nyingine ya gia nzito, ambayo kwa kawaida huizidisha nguvu hiyo tena kwa mara 2 na nusu hivi. Hivyo katika gia ya kwanza nzito nguvu ya injini huweza kuwa imezidishwa mara 10, hata kabla ya kufika kwenye difu.

Katika jambo hilo gia ya mkono na gia otomatiki ni ndugu. Zinapotofautiana hasa ni katika namna ya kuiunganisha injini na giaboksi.

Gia ya mkono hutumia klachi, yaani sahani yenye bitana ya msuguano, inayobanwa na springi kwenye gurudumu zito ambalo mafundi huliita flaiwili. Dereva akikanyaga pedali, sahani huachia. Akiinua mguu, hushika. Mpango wa klachi, giaboksi na injini iliyo mbele ulionekana katika magari ya Panhard et Levassor ya Ufaransa mwaka 1891, na mwaka 1928 kampuni ya Cadillac ya Marekani ilianza kuuza magari ambayo gia zake husawazishwa mwendo kabla ya kukutana, ili zisikwaruzane.

Gia otomatiki hutumia konveta. Mfikirie mtu aliyeziweka feni mbili zikitazamana, akawasha moja: upepo wa ile inayozunguka utaizungusha na ya pili, ijapokuwa hazigusani. Katika konveta, badala ya upepo kuna mafuta. Msingi wa chombo hiki uliwekwa na mhandisi wa Ujerumani, Hermann Föttinger, mwaka 1905, kwa ajili ya meli. Mwaka 1939 kampuni ya Oldsmobile ya Marekani ikaanza kuuza kwa wingi magari ya gia otomatiki yenye kiungo cha mafuta cha namna hiyo. Konveta ya leo ina gurudumu la tatu kati ya feni hizo mbili, lenye kazi ya kuyageuza mafuta yanayorudi ili yasaidie kusukuma. Kwa sababu hiyo, gari linapoanza kuondoka, konveta yenyewe huweza kuizidisha nguvu ya injini karibu mara mbili.

Mchangani na matopeni

Hapa sina budi kumkosoa mzee wangu. Katika mchanga wa makorongo ya Dodoma, au katika udongo mweusi wa mbuga za Usukuma unaonata ukilowa, kitu kinachokwamisha gari aghalabu si upungufu wa nguvu bali ni kukatika kwa nguvu. Dereva wa gia ya mkono anapokanyaga klachi ili abadili gia, magurudumu hukosa msukumo kwa muda mfupi. Lakini katika mchanga mzito muda huo mfupi watosha kulisimamisha gari. Akiondoka tena kwa pupa, magurudumu huteleza na kujichimbia. Gia otomatiki hubadilika bila kuukata msukumo, na konveta hupeleka nguvu kwa ulaini, kwa hiyo magurudumu hayashituliwi.

Wala si kweli tena kwamba otomatiki haina nguvu. Mwaka 2020, Toyota ilipoifanyia mabadiliko Hilux ya dizeli yenye injini ya lita 2.8, ile ya gia otomatiki ilipewa nguvu ya kuzungusha ya nyutonimita 500, hali ile ya gia ya mkono ilibaki na 420. Mwaka 2023 hata Land Cruiser ya aina ya 70, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1984 na kujulikana kote kwetu kama gari la shida, ilitolewa ikiwa na injini ya lita 2.8 na gia otomatiki ya hatua 6.

Tena, gari la chama huendeshwa na watu wengi. Klachi haivumilii madereva wengi wenye tabia mbalimbali: huyu huegemeza mguu kwenye pedali safari nzima, yule hulizuia gari mlimani kwa klachi badala ya breki. Bitana huungua kabla ya wakati wake, na chama hulipa.

Joto ni adui

Sasa nimgeukie katibu. Zile feni mbili za konveta hazizunguki sawasawa wakati wa kazi nzito ya polepole, na tofauti ya mazunguko yao hugeuka kuwa joto. Barabarani konveta hufungwa kwa klachi yake ya ndani, na joto hilo hukoma. Lakini gari linapojikokota matopeni, mafuta huchemka. Mafuta hayo ndiyo damu ya gia otomatiki: hupeleka nguvu, hubana klachi za ndani, hulainisha na kupoza. Kwa makadirio ya wakemia, kila joto linapopanda nyuzi 10 hivi za sentigredi, kasi ya kuharibika kwa mafuta huongezeka mara mbili. Rejeta ikizibwa na tope na mbegu za majani, au mafuta yakibadilishwa kwa yasiyo ya aina yake, giaboksi nzima hufa. Maji ya mtoni yakiingia ndani nayo huharibu bitana za klachi zake.

Klachi ya gia ya mkono huugua hadharani. Hutoa harufu, injini hupiga kelele bila gari kuongeza mwendo, na dereva mwangalifu hupata siku kadhaa za kufika mjini. Fundi mzoefu mwenye jeki na spana huweza kuibadilisha sahani kwa siku moja, hata chini ya mwembe. Gia otomatiki, yenye vali nyembamba na vipima-hali vinavyoongozwa na kompyuta, huhitaji chombo cha kusoma makosa yake, usafi wa karakana, na fundi aliyesomea kazi hiyo. Ikiharibika, aghalabu haivutwi ovyo kwa kamba magurudumu yakizunguka, kwa kuwa pampu ya mafuta yake huendeshwa na injini, na injini ikizimwa vyuma hukosa kulainishwa.

Lakini asidhani mtu kwamba akinunua gia ya mkono ameikimbia kompyuta. Injini za dizeli za pikapu mpya nyingi hupimiwa mafuta kwa umeme, na baadhi ya magari ya gia ya mkono yana flaiwili ya vipande viwili ambayo bei yake ni kubwa kuliko ya klachi.

Ushauri nilioutoa

Niliwauliza viongozi wale maswali manne. Je, gari litashinda zaidi kwenye lami, mchangani, au matopeni? Je, litaendeshwa na watu wangapi? Je, karakana yenye fundi na chombo cha gia otomatiki iko umbali gani? Je, katika makisio ya kila mwaka mmeweka fedha za mafuta ya giaboksi?

Kwa maswali mawili ya kwanza majibu yao yaliielekea otomatiki: njia zao ni za mbuga, na madereva ni watano. Lakini karakana ya kuaminika ilikuwa mwendo wa siku nzima, na makisio hayakuwa na hata senti moja ya mafuta hayo. Kwa hiyo niliwashauri wanunue gia ya mkono, wawafundishe madereva wote watano matumizi ya klachi, na wamkabidhi gari mtu mmoja wa kulikagua kila wiki. Mzee alifurahi akidhani ameshinda. Nilimweleza kwamba sivyo.

Hatukuichagua gia ya mkono kwa sababu ni bora matopeni. Tuliichagua kwa sababu ya upungufu wa maarifa karibu yetu. Hiyo ni sababu halali leo, lakini si sababu ya kujivunia, wala haifai kudumu. Watengenezaji wa magari wanaendelea kupunguza aina za gia ya mkono, na itafika siku tutakapotaka kuinunua tuikose. Magari madogo ya otomatiki yaliyotumika Japani yamejaa katika miji yetu, na mafundi wengi wameyajifunza kwa kubahatisha, wakiharibu kimoja ili wajue cha pili. Vyuo vyetu vya ufundi havina budi kuifundisha gia otomatiki kwa kuifungua mezani, si kwa picha ubaoni tu. Na kila mnunuzi wa magari ya umma au ya ushirika adai katika mkataba wake mafunzo ya mafundi, vipuri, na kitabu cha matengenezo kilichoandikwa kwa Kiswahili.

Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Yafaa tuongeze kwamba kilichoundwa na mtu chaweza kufunguliwa na mtu mwingine, mradi amefundishwa. Chama kile kikija kununua gari la pili, natumaini swali la tatu litakuwa na jibu jingine.