Herufi Moja, Majina Mawili

Mtoto wa miaka mitano anayeanza awali hapa Babati haji darasani mtupu. Nyumbani kwao Bonga anaongea Kigorowa, au Kiiraqw, au Kibarabaigi. Kiswahili amekiokota kwa wenzake mtaani. Kisha wazazi wanajibana, wanalipa ada ya shule ya mchepuo wa Kiingereza, na mtoto anaanza kujifunza kusoma kwa lugha ya tatu.

Wazazi hao siwalaumu hata kidogo. Sekondari inafundishwa kwa Kiingereza, na aliyemwona mwanawe akitaabika kidato cha kwanza hataki yamkute na mdogo wake. Ninachopinga ni mpangilio: tunampa mtoto herufi za Kiingereza kabla hajapewa Kiingereza chenyewe.

Tazama irabu. Kwenye kipindi cha Kiswahili mwalimu anaandika e ubaoni, darasa linaitika “e”, na sauti hiyo haibadiliki, iwe kwenye embe, meza au pete. Kipindi kinachofuata herufi ileile inaitwa “i”, na i nayo imegeuka “ai”. Mtoto akisoma pete kama “piti”, anaandikiwa kosa. Masikini, ametii tu alichoambiwa.

Mwalimu wa Kiingereza aanze na sauti ya herufi. Jina lake litafuata baadaye. Sauti ya e katika neno la Kiingereza la yai haiko mbali na e yetu. M, s, b na k nazo zinasikika karibu sawa katika lugha zote mbili. Hapo ndipo pa kuanzia, baada ya miezi ya kuzungumza, kuimba na kusimuliana hadithi kwa Kiingereza kuhusu vitu anavyovijua mtoto: viboko wa Ziwa Babati, mbaazi, Mlima Kwaraa. Na anapokwama, aruhusiwe kuuliza kwa Kiswahili bila kuadhibiwa. Jim Cummins wa Kanada alieleza tangu 1979 kwamba uwezo uliojengwa katika lugha ya kwanza huibeba ya pili.

Jina la mtoto ni neno la kwanza analotamani kuliandika. Anayeitwa Qamara au Hhawu anakuja na q na hh ambazo silabi za Kiswahili hazina. Tafadhali, mwalimu, usimfutie h moja.

Najua mzigo wenyewe. Uwiano rasmi wa awali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Mwenye watoto mara mbili ya hao ataishia kukaririsha, na hana wa kumsaidia. Suala la kuanza Kiingereza mapema pia limevuka uzio wa shule za binafsi, kwa kuwa mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutekelezwa 2024, unaingiza Kiingereza tangu darasa la kwanza.

Hata hivyo, toleo hili tunalielekeza zaidi kwa wakuu wa shule za mchepuo. Usaili wa maandishi wa kuingia darasa la kwanza ndio unaowasukuma walimu wa awali kukimbilia penseli. Uondoeni. Mkitaka kumjua mtoto, kaeni naye dakika kumi, mwonyesheni picha, na mwacheni asimulie kwa lugha anayoiweza.