NGUZO ZA KOBE



Watu wengi hudhani kwamba mji ni majumba. Sisi tufanyao kazi katika reli twajua kwamba mji ni njia: njia ya gari, njia ya maji, njia ya stima, njia ya meli. Njia zikikatika, majumba yaliyobaki huwa kama mapango tu. Anayetaka kulijua jambo hili na autazame mji wa Kobe, katika nchi ya Japani.

Tarehe 17 Januari 1995, yapata saa kumi na mbili kasorobo alfajiri, nchi ilitetemeka huko kwa muda wa sekunde kama 20. Watu 6,434 walikufa. Barabara kuu iliyojengwa juu ya nguzo ililala ubavu kwa urefu wa mita 635. Reli zote ziunganishazo Kobe na Osaka zilikatika. Stesheni ya Rokkomichi iliporomoka, na madaraja ya magari ya mwendo kasi, yale yaitwayo Shinkansen, yakaanguka mahali kadhaa. Shinkansen ya kwanza ya siku ile ilikuwa iondoke saa kumi na mbili, yaani robo saa baadaye. Lau nchi ingalitetemeka saa moja mbele, magari yakiwa yamejaa watu waendao kazini, hesabu ya maiti ingalikuwa nyingine.

Chini ya ardhi mabomba ya maji nayo yalipasuka. Moto ulipoushika mtaa wa Nagata, mahali pa wafanya kazi wengi wa viatu katika viwanda vidogo vidogo, mipira ya wazima moto haikutoa maji. Watu waliokuwa na nyumba na kazi katika mtaa mmoja walivipoteza vyote viwili.

Wako watakaosema kwamba hayo ni mapenzi ya Mungu na hakuna la kufanya. Twajibu hivi: nchi hutetemeka bila kutuuliza, lakini nguzo hujengwa na watu. Wahandisi walipozichunguza nguzo zilizovunjika, waliona kwamba nyingi zilijengwa kwa sheria za zamani, katika miaka ya 1960 na mwanzo wa 1970. Ndani yake vyuma vya kusimama vilikuwapo, lakini zile pete za chuma zinazovifunga vyuma hivyo zilikuwa chache, tena zimeachana mno. Nguzo ilipotikiswa huku na huku, simiti ilipasuka ikamwagika, na vyuma vikapinda kama mabua ya mahindi. Pete hizo hakuna abiria azionaye. Azionaye ni fundi anayezifunga kwa waya kabla simiti haijamwagwa, na baada yake ni yule apitaye chini ya daraja kila siku akitazama nyufa.

Sasa twatazama jinsi mji ulivyoinuliwa. Stima ilirudi kwa muda wa siku 6 hivi. Maji na gesi ya kupikia vilichukua karibu miezi mitatu, kwa sababu ilibidi kuchimba mtaa kwa mtaa kulitafuta kila bomba lililovunjika. Pale Rokkomichi mafundi hawakuvunja kila kitu. Mihimili iliyoanguka lakini ingali mizima waliiinua kwa jeki, wakajenga nguzo mpya chini yake. Reli ikafunguliwa kipande kwa kipande, na mabasi yakabeba abiria pale palipokatika. Tarehe 1 Aprili, siku 74 baada ya msiba, magari yalipita tena kutoka Osaka mpaka Kobe. Tarehe 8 Aprili Shinkansen ikapita. Reli mbili nyingine za kampuni zilifunguliwa zote mwezi wa Juni. Ile barabara ya nguzo ilingoja mpaka Septemba 1996, na gati za bandari mpaka 1997.

Siku 74! Hiyo ni kazi ya mikono, na twaisifu. Lakini mizani ina pande mbili. Serikali ilijenga nyumba za muda zaidi ya 48,000 kwa watu waliopoteza makao, na wa mwisho wao hawakutoka humo mpaka Januari 2000. Wazee waliwekwa mbali na majirani zao wa zamani, na zaidi ya watu 200 walikufa humo peke yao bila mtu wa kuwashika mkono. Bandari nayo, iliyokuwa katika zile kubwa za dunia kwa makontena, ilipotengenezwa iliona meli nyingi zimekwisha kuzoea bandari nyingine. Reli iliinuka kwa siku 74; mtu alingoja miaka mitano.

Wajapani walijifunza. Nguzo nyingi za zamani zilivishwa mabamba ya chuma kama mtu avaavyo koti. Tetemeko kubwa zaidi lilipokuja kaskazini ya nchi hiyo tarehe 11 Machi 2011, hakuna Shinkansen yenye abiria iliyoacha reli.

Nasi je? Tarehe 6 Januari 1928 nchi ilipasuka Subukia, karibu na Nakuru, kwa tetemeko la ukubwa kama ule wa Kobe. Wakati ule majumba ya mawe yalikuwa machache huko. Leo Nakuru ni mji mkubwa, na reli yashuka katika Bonde la Ufa lile lile.

Kwa hiyo twasema mambo mawili. La kwanza: mfanya kazi aonapo ufa katika daraja, au aonapo chuma kimepunguzwa kabla ya simiti kumwagwa, aandike na kupeleka habari, na chama kisimame nyuma yake asiitwe mchelewesha kazi. La pili: fedha za kujenga upya zinapohesabiwa, nyumba ya mfanya kazi ihesabiwe siku moja na reli, wala isingoje mabaki.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kobe ilijenga ukuta wa mji mzima. Sisi nyufa zetu bado twaweza kuziziba.

Umoja ni nguvu.