Hesabu Isiyopigwa



Wiki chache zilizopita, baada ya swala ya Alasiri, mama mmoja alitujia ofisini kuiomba kamati msaada wa ada ya kijana wake, anayesoma fizikia na hisabati kidato cha tano. Alitutajia kwa furaha alama za mwanawe, kisha sauti yake ikapungua. Kila anapomwuliza anasoma nini, jibu ni moja: "Mama, haya wewe hutayaelewa." Suala la ada tulilitafutia njia. Lile jibu ndilo lililotukaa moyoni, likatukumbusha tamthilia moja tuliyopata kuisoma.

Tamthilia hiyo inaitwa Copenhagen, kwa jina la mji mkuu wa Denmark. Mtunzi wake ni Mwingereza Michael Frayn, na ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini London mwaka 1998. Wahusika wake ni watatu tu, na wote ni watu waliopata kuishi: Niels Bohr wa Denmark, mkewe Margrethe, na Mjerumani Werner Heisenberg. Wanaume hao wawili ni miongoni mwa walioweka misingi ya elimu ya atomu. Bohr alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka 1922, na mwenzake ya mwaka 1932. Mapenzi yao yalikuwa kama ya baba na mwana.

Septemba 1941, Denmark ikiwa imekaliwa na majeshi ya Ujerumani, Heisenberg alikwenda Copenhagen kumzuru mwalimu wake. Walizungumza faraghani, na tangu hapo usuhuba wao haukuwa tena kama zamani. Je, mgeni yule alikwenda kupeleleza, kuomba ushauri, au kutoa onyo? Baada ya vita kila mmoja aliyakumbuka mazungumzo yale kwa namna yake. Frayn, kwa ubunifu wake, anawakutanisha watatu hao baada ya kufa kwao, wairudie ziara ile tena na tena ili wapate ukweli.

Heisenberg ndiye aliyebainisha, mwaka 1927, kwamba kadiri tunavyojua kwa usahihi mahali ilipo chembe ndogo ya maumbile, ndivyo usahihi wa kuujua mwendo wake unavyopungua. Mtunzi anaihamishia kanuni hiyo kwa mwanadamu. Kitendo chake chaonekana, ilhali niya yake huenda hata yeye mwenyewe asiijue barabara. Sisi tuliofunzwa tangu utotoni kuipima amali kwa niya, hatuwezi kulipita jambo hili kwa haraka.

Kisha tamthilia inafika penye hesabu yenyewe. Ili bomu la atomu lilipuke, pana kiasi maalumu cha urani kinachohitajika. Jukwaani Heisenberg anakiri kwamba wakati wa vita alikidhania kuwa kama tani nzima, na kumbe kilichohitajika kilikuwa kilo chache mno kuliko hizo. Bohr anamwuliza kwa nini hakukaa chini akapiga hesabu. Hakuipiga. Je, dhamiri ilimzuia, au alijiamini mno hata asione haja? Mtunzi hatupi jawabu. Anatuachia jambo zito zaidi: yule anayetuhumiwa hakuunda bomu, na Bohr, tunayemhurumia, alikimbia Denmark mwaka 1943 na baadaye akawa na sehemu yake katika kazi ya Marekani iliyozaa mabomu ya Hiroshima na Nagasaki mwaka 1945.

Sasa tumtazame Margrethe. Yeye hakuwa mwanafizikia, lakini ndiye aliyempigia mumewe chapa maandishi yake. Katika tamthilia, wataalamu wale wawili wanatakiwa wayaseme yote kwa lugha nyepesi ili na yeye aelewe. Mara kwa mara ni yeye anayeona wasichokiona wao: kiburi cha huyu, hofu ya yule. Ni yeye pia anayebeba pamoja na mumewe msiba wa mtoto wao mkubwa, Christian, aliyezama baharini mwaka 1934 baba yake akishuhudia. Hadhira inakumbushwa kwamba mkono uandikao milinganyo ni mkono wa mzazi.

Kitabu cha darasani hakitufikishi hapo. Kitampa kijana kanuni na zoezi, na atapata alama zake. Tamthilia humwonyesha aliyeiandika kanuni ile, aliyoyapoteza, na watu wasiomjua ambao maisha yao yalikuja kutegemea hesabu zake. Baadhi ya wazazi huihesabu michezo ya jukwaani kuwa upuuzi, na kweli mingi ni upuuzi. Lakini watu watatu wakijadiliana juu ya amana ya elimu, si upuuzi. Vijana wetu wa madrasa wakitaka kutunga mchezo wa namna hiyo kwa ajili ya mahafali, sisi hatutakuwa wa kwanza kuwazuia.

Yule mama atakaporudi kuchukua barua ya ada, tumekusudia kumwambia asilikubali jibu la "hutaelewa". Amketishe mwanawe jioni, amwambie: nieleze kwa lugha ya nyumbani, mwanangu, na kisha uniambie jambo hili litawafanyia watu nini. Akishindwa swali la kwanza, huenda na yeye bado hajaelewa, basi arudi kwenye daftari lake. Akishindwa la pili, wakae walitafute jibu pamoja, kwani hiyo nayo ni hesabu, na haifai kuachwa bila kupigwa.

Wabillahi tawfiq.