Karafuu haiulizi wewe ni kafa au pita

Mwandishi mmoja wa mafuta ya kunukia anatutaka tujipime kwanza: mwembamba wa ngozi kavu ni vata, mwenye joto na hasira ni pita, mnene mzito wa kuamka ni kafa. Kisha kila mtu na kichupa chake cha mafuta hayo. Hii, anadai, ndiyo hekima kongwe ya Ayurveda, tiba ya jadi ya India.

Hekima ya nani? Waganga wa India wa enzi za tabibu Charaka walikuwa na mafuta, tena mengi: ya ufuta, na samli, yakichemshwa na mizizi na majani kisha mwili ukakandwa. Kichupa cha matone kina ukoo mwingine. Jina aromatherapia alilitia juu ya kitabu chake mkemia Mfaransa, René-Maurice Gattefossé, mwaka 1937. Na huo mti wa chai (tea tree) anaompa kafa kwao ni Australia! Charaka angeujulia wapi?

Historia ningeisamehe. Nisichosamehe ni kumwambia kafa ajipake karafuu tupu ati "imchangamshe". Mafuta hayo sehemu kubwa ni yujenoli, ile ile ya daktari wa meno. Yakipakwa bila kuchanganywa huweza kuibabua ngozi ya vata, pita na kafa bila ubaguzi. Mtoto akiyanywa, ini lake liko hatarini. Mimi nilitia tone moja ndani ya kiwiko. Wekundu ulikaa siku mbili, umbo la tone lilelile.

Anayetaka kukandwa, ufuta upo sokoni. Vijiko viwili vikubwa, karafuu tone moja, basi.