Mizimu haina kadi ya chama

NDUGU msomaji, siku ukiteremka kwenye treni pale stesheni ya Tabora, mwambie dereva wa teksi akupeleke Kwihara. Atakupeleka bila kuuliza mara mbili. Ni mwendo mfupi tu kusini mwa mji, na huko utaonyeshwa tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872, baada ya kukutana na Stanley kule Ujiji mwaka uliotangulia. Ni nyumba inayotunzwa na serikali. Ukimaliza kutazama, mwambie dereva huyo huyo akupeleke mahali Mtemi Isike wa Unyanyembe alipojilipua kwa baruti yake mwenyewe, Januari 1893, ili Wajerumani wasimkamate mzima. Sitashangaa ukimwona dereva anakuna kichwa.

Swali langu la leo ni fupi: nani aliyeamua kwamba mahali alipopumzika mgeni ni patakatifu, na mahali alipofia mwenyeji ni kichaka?

Usiniite mchochezi. Sina ugomvi na marehemu Livingstone, na tembe ile iendelee kutunzwa. Ninachosema ni kwamba utakatifu wa mahali, katika nchi yetu hii, hautoki mbinguni peke yake. Mara nyingi unatoka ofisini.

Tazama sheria. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja jengo, boma au kaburi lililojengwa kabla ya mwaka 1863. Cha baada ya hapo kinangoja waziri akitangaze. Sasa fanya hesabu. Mirambo wa Urambo, aliyewatoa jasho Waarabu wa Tabora na Stanley wao mwaka 1871, alifariki Desemba 1884. Isike alikufa 1893. Wote wawili wako upande mbaya wa mstari. Lakini na Livingstone alifika Kwihara 1872, miaka tisa baada ya mstari huo huo! Kwa hiyo si suala la umri. Ni suala la nani anakumbukwa na wenye kalamu.

Mwaka 2006 serikali yetu ilipeleka UNESCO orodha ya maeneo ya njia kuu ya zamani ya watumwa na pembe za ndovu: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Ni jambo jema. Lakini Urambo, makao makuu ya mtu aliyeifunga njia hiyo na kuifungua alivyotaka, haimo. Njia imekumbukwa, mwenye njia kasahauliwa.

Wapo watakaosema, hayo ni mambo ya mizimu, na sisi sasa ni watu wa dini. Haya, tuongee dini.

Mwaka 1879 Mirambo alimpokea kwake Urambo mmisionari daktari, Southon, wa London Missionary Society. Je, alikuwa ameokoka? Hapana. Alikuwa mtemi mwenye matambiko yake, lakini alijua kwamba mmisionari ni daraja la kumfikia balozi wa Waingereza kule Unguja. Siasa ilimfungulia mlango mhubiri. Baadaye, mwaka 1898, Wamoravian wakaichukua misheni hiyo. Mapadri Wazungu nao msafara wao wa kwanza ulipita Tabora mwaka 1878. Waislamu walikuwa wametangulia na misafara ya biashara. Burton na Speke walipofika mwaka 1857 waliwakuta Waarabu wamekwishatia nanga. Unyamwezi ukapokea wote, na mizimu haikufukuzwa. Watu wa dini tatu wakachota maji kisima kimoja.

Fitina ilianza pale wakubwa walipotaka kuwa na funguo za kila mlango. Mwaka 1963 serikali ilifuta utemi. Mtemi ndiye aliyekuwa mtambikaji mkuu na mlinzi wa makaburi ya watangulizi wake. Alipoondolewa, makaburi yakabaki yatima. Chifu Abdallah Fundikira, Mtemi wa Unyanyembe, alikuwa waziri katika serikali ya kwanza ya uhuru. Miaka ya mwanzo ya tisini akaibukia upande wa mageuzi na chama chake cha UMD. Lakini hata yeye hakuweza kurudisha kilichofutwa kwa mhuri.

Miaka mitano baada ya utemi ikaja zamu ya Waislamu. Desemba 1968 jumuiya yao kubwa, EAMWS, ilipigwa marufuku, ikaja BAKWATA. Tangu hapo, mara ngapi tumesikia waumini wa msikiti mmoja wakigombana nani mwenye msikiti: waliochanga tofali au wenye cheti? Mgogoro wa namna hiyo ukiingiliwa na polisi, matokeo yake tuliyaona Mwembechai, Dar es Salaam, Februari 1998. Watu waliuawa. Hakuna aliyeshinda pale.

Na wenzetu wa mbali je? Kule Ayodhya, India, tarehe 6 Desemba 1992 umati ulibomoa msikiti wa Babri uliokuwa umesimama tangu karne ya 16, baada ya wanasiasa kuuhubiria kwa miaka. Ghasia zilizofuata ziliua watu kwa mamia. Januari 2024 hekalu likafunguliwa mahali pale pale, na mgeni rasmi alikuwa waziri mkuu, katika mwaka wa uchaguzi. Mwenye macho haambiwi tazama.

Sasa nikupeleke kijijini kwa bibi yangu, mwendo wa baiskeli kutoka mjini. Kuna mkuyu pale ambao wazee wetu walikuwa wakiweka unga na maji wakati wa ukame. Bibi yangu huswali swala tano na hufunga Ramadhani yote, lakini kila mwaka hupita mkuyuni. Nilipokuwa kidato cha pili, nikijiona msomi, nilimwambia ile ni shirki. Alinicheka. "Mjukuu wangu," akasema, "Mungu wangu simgawi. Hawa ni wazazi wangu tu, nawasalimia."

Wakaja wapima viwanja na bikoni zao. Mzee mmoja wa msikiti akasema ukatwe, ni ushirikina. Mchungaji akasema ukatwe, una mapepo. Akatokea mgombea mmoja na mifuko ya sukari, akaapa chini ya mkuyu ule ule kwamba hautaguswa. Akapata kura. Leo bikoni ziko palepale na mgombea haonekani hata kwa darubini. Kuna Sheria ya Makaburi ya mwaka 1969 inayoweka utaratibu wa kuhamisha makaburi kwa faida ya umma. Lakini mkuyu si kaburi machoni pa mpima viwanja. Ni mti tu. Bibi ananiuliza, "Wakiukata, nitawasalimia wapi?" Sina jibu.

Cha kuchekesha ni kwamba wakubwa wenyewe wanaujua utamu wa jadi. Septemba 2021, kule Kisesa, Magu, Rais Samia alisimikwa na machifu na kupewa jina la Hangaya. Sipingi heshima hiyo. Nauliza tu: kama serikali iliyowafuta machifu 1963 sasa inavikwa nao vazi, kwa nini makaburi ya machifu hao yasipewe uzio?

Mwaka 1873 Susi, Chuma na wenzao walifika Kwihara wakiwa wamebeba maiti ya Livingstone iliyokaushwa. Ofisa wa Kiingereza, Cameron, aliwashauri wamzike hapo hapo. Wakakataa. Walisema arudi kwao, na wakambeba mpaka Bagamoyo. Wapagazi wale hawakuwa na digrii, lakini walijua kwamba maiti ana wenyewe na mahali ana wenyewe. Sisi tuna mawizara, na hilo limetushinda.

Ninayodai hayahitaji mfadhili. Kwanza, waziri atumie kalamu aliyopewa na sheria, atangaze maeneo ya Isike na Mirambo kama mwenzake alivyoikumbuka tembe ya Kwihara. Pili, mpima viwanja asichomeke bikoni kabla ya kukaa na wazee wa mahali, wa dini zote na wasio na dini. Tatu, mwanasiasa wa chama chochote, na wa upinzani wakiwemo, asitufuate makaburini, misikitini wala makanisani kutafuta kura. Tangu 1992 sheria inakataza kusajili chama cha dini. Tusiwaruhusu wakiingize kwa mlango wa nyuma.

Ndugu msomaji, mkuyu wa bibi yangu bado umesimama leo ninapoandika. Wa kwenu je? Nenda kautazame kabla hujakuta bikoni.