KUSAFISHA CHUMA NI KAZI, NA ILIPWE



Kila wakati wa mavuno, karakana za Kitale na Bungoma hujaa matela na mashine za kupukuchua mahindi zilizovunjika. Kila mwenye chombo ana haraka. "Piga moto tu niende," ndivyo atuambiavyo. Nasi, kwa kuwa twalipwa kwa kazi iliyokwisha wala si kwa saa, twachomelea juu ya kutu, rangi na grisi. Siku chache baadaye kiungo chakatika barabarani, tela limejaa magunia, na lawama zote humwangukia fundi.

Twasema wazi: mara nyingi kosa si la mkono wa fundi, ni la muda alionyimwa. Kutu hushika maji. Rangi na grisi zikiungua hutoa hewa, na hewa hiyo hunaswa ndani chuma kinapoganda. Kiungo huonekana kizuri kwa juu, kumbe ndani kina matundu.

Dawa yake twaijua. Grisi ifutwe kwanza, maana ukianza na brashi waieneza tu. Kisha brashi ya waya au grenda, mpaka chuma king'ae pande zote mbili. Ufa ufukuliwe mpaka mwisho wake. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tena kuna afya zetu. Bati lenye zinki likichomwa hutoa moshi mweupe uletao homa na kutetemeka usiku, nasi twadhani ni malaria. Zinki iondolewe kwanza, na kazi ifanywe penye upepo. Pipa la petroli, hata likiwa tupu, lina mvuke uwezao kulipuka. Lisiguswe kwa moto kabla mvuke huo haujaondolewa kabisa.

Wako wasemao mteja atakwenda kwa jirani. Ni kweli, ikiwa jirani atakubali kuchomelea uchafu. Basi tukatae sote, Kitale hata Bungoma.

Twataka muda wa kusafisha uhesabiwe katika bei na katika ujira. Twataka waajiri watoe brashi, mawe ya grenda na miwani. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yawataka watoe vifaa vya kujikinga, tena yakataza kumfukuza mtu kwa sababu amelalamika juu ya hatari kazini. Basi tusiogope kusema.

Umoja ni nguvu.