Mwenye Nguvu Mpishe? Tazama Kwanza Kivuli Chake

Wahenga wetu walituachia neno: mwenye nguvu mpishe. Ni neno la busara, kwani njia ni nyembamba na mifupa haiuzwi dukani. Lakini hivi karibuni nilikuwa Kisumu kwa shughuli za jamaa, na huko nikasikia mabishano yaliyonifanya nilitie neno hili mizanini upya.

Ilikuwa baada ya sala ya Alasiri. Nimeketi katika mkahawa mmoja mjini nikinywa chai, na kando yangu vijana wanne wameizunguka simu moja wakitazama mieleka ya Kijapani. Pambano lenyewe lilikuwa la Februari 2017, mjini Sapporo. Upande mmoja yuko Kazuchika Okada, kijana wa miaka 29, bingwa wa uzito wa juu wa New Japan. Mkanda huo aliutwaa Juni 2016 na hakunyang'anywa mpaka Juni 2018, siku 720 kamili. Upande wa pili yuko Minoru Suzuki, mkongwe wa miaka 48, mwenye uso wa mtu aliyekwisha kuona mengi.

Suzuki hakushindana na bingwa kifua kwa kifua. Aliuandama mguu wake wenye goti bovu, akaupinda, akauacha, akaurudia tena, kwa muda wa dakika zipatazo arobaini. Mwisho wake Okada alimwangusha, na mkanda ukabaki kwake.

"Si nilisema?" akacheka kijana mmoja. "Mzee akalale!"

Hapo mvuvi mmoja mwenye mvi, mtu wa Dunga, aliyekuwa akila ngege wake meza ya pili, akainua kichwa. "Vijana wangu," akauliza, "na huyo bingwa wenu mbona anachechemea?"

Hakuna aliyejibu. Ndipo mzee akanawa mikono, akawasimulia habari za Luanda Magere, shujaa wa Wajaluo wa ukoo wa Sidho, huko Kano, mashariki ya Kisumu. Mwili wake ulikuwa jiwe. Mikuki ya maadui, ambao Wajaluo huwaita Lang'o, ilimgonga ikaanguka chini. Walipochoka kuzika watu wao, wakampa binti yao amwoe. Siku moja shujaa akaugua, akamwambia mke huyo amchanje apakwe dawa. Wembe haukuingia mwilini. Ndipo akamwambia akichanje kivuli chake, na damu ikatoka. Mwanamke akatoroka na siri hiyo usiku. Katika vita vilivyofuata, mkuki ulichomwa kivulini, na Luanda Magere akaanguka akawa jiwe. Jiwe hilo lipo hadi leo, na watu huenda kulitazama.

Najua yuko msomaji atakayesema kuwa mieleka ya kulipwa ya Wajapani hupangwa, na mshindi hujulikana kabla kengele haijalia. Ni kweli, na wenyewe hawafichi sana. Lakini hata mchezo wa kuigiza huigiza jambo fulani, na kinachoigizwa hapa ni kisa kilekile cha Kano: bingwa hapigwi penye nguvu zake, hupigwa kivulini.

Tena kisa hiki kimetokea pasipo kupangwa, na hapa hapa Afrika. Tarehe 30 Oktoba 1974, mjini Kinshasa, Muhammad Ali alipanda ulingoni akiwa na miaka 32. Mbele yake alisimama George Foreman, kijana wa miaka 25 ambaye hakuwa amepoteza hata pambano moja kati ya 40. Ali aliegemea kamba, akajikinga, akamwacha Foreman apige mpaka mikono ikawa mizito. Raundi ya nane akamwangusha. Nguvu za Foreman ndizo zilizokuwa kivuli chake, kwani hakujua kuziweka akiba.

Na mjanja naye ana mjanja wake. Tarehe 26 Juni 1976, mjini Tokyo, Ali huyo huyo alikutana na mwanamieleka Antonio Inoki, mwasisi wa New Japan. Kanuni za pambano zilimfunga Inoki kwa mambo mengi, hata teke lilikuwa na masharti yake. Basi Inoki akalala chali na kumpiga Ali miguuni kwa raundi zote kumi na tano. Watazamaji walikasirika na waamuzi wakatoa sare, lakini Ali alitoka ulingoni miguu imemvimba, akalazwa hospitali. Mwaka 1979 palipangwa kioja kikubwa zaidi, ng'ambo ya ziwa hili hili: Inoki apigane na Idi Amin mjini Kampala mwezi wa Juni, na Ali awe mwamuzi. Amin aliwahi kuwa bingwa wa ngumi wa Uganda, na mwili alikuwa nao. Lakini Aprili mwaka ule Kampala ilitekwa, Amin akakimbia, na pambano likafa.

Hata hivyo, nisieleweke vibaya. Kuna hila na kuna hiana. Ali kuegemea kamba na Inoki kulala chali ni hila za ulingoni, mbele ya macho ya mwamuzi na maelfu ya watu. Kuingia nyumba ya mtu kwa ndoa ukachukua siri yake ni jambo jingine. Mzee wa Dunga aliposimulia habari za yule binti, sauti yake ilijaa huzuni, wala hakumsifu. Ujanja ninaousifu mimi ni ule wa mtu aliyeishi, akaanguka, akajifunza kuangalia kabla ya kurusha mkono.

Sisi Waislamu jambo hili halipaswi kutushangaza. Tumepokea kuwa Mtume (s.a.w.) alishikana mieleka na Rukana, pahalawani wa Makka, akamwangusha. Na ni yeye aliyetufunza kuwa mwenye nguvu hasa ni yule anayeimiliki nafsi yake anapoghadhibika. Mkongwe huyo nguvu zake ziko hapo. Mzee wa jahazi hasukumani na upepo. Huungoja, akaukingia tanga.

Nasema haya kwa sababu nina deni. Miaka kadhaa iliyopita, katika kamati moja ya mtaani kwetu, niliunga mkono shauri la kumwondoa mzee aliyekuwa akiwafundisha vijana ngumi. Tulisema pumzi imemwisha. Tukamleta kijana mwenye misuli ya kutamanisha. Mwaka haukupinduka, wanafunzi wakawa wanaumizana mazoezini, wakatawanyika mmoja mmoja. Yule kijana alijua kupiga, lakini hakujua kumtazama mtoto usoni akatambua kuwa leo amekuja na hasira za nyumbani. Mzee alikuwa akijua. Sisi tulipima mikono yake, hatukupima macho yake.

Niliporudi kutoka Kisumu nilikwenda kwake kumtaka radhi. Nilimkuta barazani, akanikaribisha kahawa, wala hakunilaumu. Aliniuliza tu habari za wale watoto, mmoja mmoja kwa jina.

Wasomaji wapenzi, vijana na washike mikanda, ni haki yao. Lakini tusiwafukuze wakongwe ulingoni, madrasani, wala baharini kwa sababu tu magoti yanalia. Mwenye nguvu mpishe, ndiyo. Ila ukishampisha, mwite mzee asimame kando yako, akuonyeshe kivuli kinaangukia wapi.